Programu ya kurusha matangazo kwa redio ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimefanya kazi ya ufundi mitambo katika redio ndogo za kanda ya kati kwa miaka mingi, na simu ninazopigiwa zinafanana. Anayepiga yuko Kongwa, Mpwapwa, Kondoa au Manyoni, au yuko hapa hapa Dodoma mjini na studio yake ni chumba kimoja. Ana watangazaji sita au saba, nusu yao wanajitolea. Ana transmita moja na kompyuta mbili, na viongozi wake wamemtaka atafute programu itakayoendesha redio usiku bila mtu, isiyomaliza bajeti. Nimeyaweka hapa maswali yao na majibu ninayowapa. Programu yenyewe nitaiita programu ya hewani. Wengine huiita otomesheni, ni kitu kile kile.

Tuna Winamp na VirtualDJ, na redio inasikika. Kwa nini tubadilishe?

Kama kuna mtu mezani saa zote, mnaweza kuendelea navyo. Shida huanza mtu akiondoka. Winamp inajua wimbo unaofuata tu, haijui ni saa ngapi. VirtualDJ ilitengenezwa kwa ajili ya DJ anayechanganya muziki akiwa amesimama pale pale.

Programu ya hewani inajua kwamba saa 1:15 asubuhi kuna tangazo la duka la pembejeo, kwamba saa kamili lazima kiashirio cha kituo kipigwe, na kwamba mwimbaji huyu amesikika dakika ishirini zilizopita kwa hiyo apumzishwe kwanza. Tena inaandika kila ilichorusha, kwa saa, dakika na sekunde. Hilo la kuandika ndilo linaloleta pesa, na nitalirudia kwenye swali la matangazo ya biashara.

Ipo ya bure ambayo ni halali?

Zipo kadhaa.

RadioDJ hutumia Windows na hutolewa bure. Ina karibu kila kitu ambacho redio ya wilaya inahitaji: makundi ya nyimbo, mzunguko unaoupanga mwenyewe, matukio ya saa maalumu, na sheria za kutorudia wimbo au mwimbaji kabla ya muda mliouweka. Inahitaji hifadhidata ya MySQL au MariaDB, yaani programu ya pembeni inayotunza orodha ya nyimbo na ratiba, iwekwe kwanza, na hapo ndipo wengi hukwama siku ya kwanza. Wakishavuka hapo, hawarudi nyuma.

PlayIt Live nayo ni ya Windows. Sehemu yake kuu ni bure, na vipande vya ziada huuzwa kwa anayevihitaji. Kuiweka ni rahisi kuliko RadioDJ, na mtangazaji asiye fundi huizoea haraka.

ZaraRadio ni ya siku nyingi, asili yake Hispania. Toleo la 1.6.2 ni la bure na bado linatumika. Haina hifadhidata, inasoma mafolda tu: unaiambia ichukue wimbo wowote kwenye folda ya kwaya, kisha jingo, kisha wimbo wa dansi. Kompyuta dhaifu inaiweza.

Rivendell hutumia Linux. Ilianza mwaka 2002, ni programu huria, na ilijengwa kwa redio hasa, kwa hiyo ina maktaba, upangaji wa orodha ya siku na dawati la hewani, na kompyuta kadhaa zinaweza kutumia maktaba moja. Inadai mtu anayeijua Linux kwa dhati.

LibreTime imetokana na programu ya Airtime ya shirika la Sourcefabric. Nayo hukaa kwenye seva ya Linux, ila watangazaji huitumia kupitia kivinjari, kila mmoja na akaunti yake. Anayerusha mtandaoni tu bila mnara aitazame AzuraCast pia.

Sasa tuchukue ipi?

Nitakupa maoni yangu bila kuzunguka. Redio ya wilaya yenye kompyuta za Windows, na yenye kijana mmoja anayeweza kufuata maelekezo ya kuweka hifadhidata, ichukue RadioDJ. Isiyo na kijana huyo ichukue PlayIt Live. ZaraRadio ningeiweka kwenye kompyuta ya akiba, ile inayosubiri kuokoa siku ile kubwa ikifa. Rivendell na LibreTime ni nzuri sana, na hapa Dodoma tuna bahati kwa sababu Chuo Kikuu cha Dodoma kinatoa vijana wa kompyuta kila mwaka. Lakini usiichague Linux kwa kumtegemea kijana aliyeko mafunzoni kwa wiki nane. Akiondoka ataondoka na ujuzi wote, na nyie mtabaki mnaitazama skrini nyeusi.

Kabla hamjaamua, fanyeni jaribio hili. Zima kompyuta ya studio ghafla. Muite mtangazaji mgeni kuliko wote, au mlinzi wa usiku kama ndiye anayebaki kituoni, kisha umwambie airudishe redio hewani bila kumpigia mtu simu. Mpe karatasi moja yenye maelekezo kwa Kiswahili. Akiweza ndani ya dakika kumi, hiyo programu inawafaa. Akishindwa, hata kama ina vitufe mia mbili vya kupendeza, haiwafai bado. Nimeona vituo vikichagua kwa kuangalia picha za programu mtandaoni, kumbe atakayekutana nayo saa 9 usiku ni mtu ambaye hakushirikishwa hata siku moja.

Za kulipia zina faida gani?

Msaada wa mtengenezaji na utulivu. mAirList ya Ujerumani, StationPlaylist ya New Zealand, Jazler ya Ugiriki na Myriad ya Uingereza zote zina watumiaji wengi. Zetta ya RCS ni ya mashirika makubwa, msiipigie hesabu.

Mkifikia uamuzi wa kununua, ulizeni mambo matatu kabla ya kulipa. Ni malipo ya mara moja au ya kila mwezi? Leseni ni ya kompyuta ngapi? Kompyuta ikiungua, leseni inahamaje? Malipo huwa kwa dola, euro au pauni, kwa hiyo shilingi ikishuka ada ya mwezi inapanda bila nyinyi kufanya lolote. Redio inayotegemea salamu na matangazo ya maduka haiwezi kuubeba mzigo unaobadilika kila mwezi. Mimi hupendelea ya mara moja, hata kama mwanzoni inauma.

Kuna rafiki ana programu kubwa iliyokrekiwa, anatupa bure.

Msiipokee. Ukiacha kwamba ni wizi, mafaili ya kukreki ndiyo njia kuu ya virusi kuingia, na mara nyingi maelekezo yake huanza kwa kukutaka uzime kinga ya virusi. Kituo kimoja nilichokihudumia kilipoteza nyimbo zote, rekodi zote za wazee waliohojiwa kuhusu historia ya vijiji vyao, na matangazo yote, kwa sababu kirusi kilifunga mafaili na kudai malipo. Nyimbo zilirudi kwa kuomba kwa majirani. Wazee wawili kati ya waliohojiwa walikuwa wameshafariki. Sijawahi kuwa na jibu la kuwapa familia zao.

Programu za bure nilizotaja zinatosha. Hakuna sababu ya kuingia huko.

Mbona tangazo la saa 2 usiku linapigwa saa 8 usiku?

Hili ndilo kosa linalojirudia kuliko yote, na kwenye kurasa za Kiingereza huwezi kulikuta. Programu zote hizi huhesabu saa kuanzia 00 hadi 23, na siku yake huanza saa 6 usiku. Sisi saa yetu huanza jua likichomoza.

Nililifanya mimi mwenyewe. Mwenye mgahawa alilipia wiki nzima, saa 2 usiku, wakati watu wanatafuta chakula. Niliandika 02:00. Siku tano tangazo lake lilisikika saa 8 usiku, mji umelala. Tulimrushia wiki nyingine bila malipo na nikaenda kumwomba radhi mgahawani kwake, na tangu siku hiyo kila kituo ninachokisaidia hubandika karatasi hii ukutani:

Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni: kwa saa 1 hadi saa 12 ongeza 6. Saa 1 asubuhi ni 07, saa 7 mchana ni 13, saa 12 jioni ni 18. Saa 12 ya asubuhi yenyewe ni 06.
Saa 1 jioni hadi saa 5 usiku: ongeza 18. Saa 2 usiku ni 20.
Saa 6 usiku hadi saa 11 alfajiri: toa 6. Saa 6 usiku ni 00, saa 8 usiku ni 02, saa 11 alfajiri ni 05.

Kuna mtego wa pili, wa siku. Shehe akikwambia mawaidha yawe usiku wa Ijumaa, muulize vizuri. Kwa hesabu ya wazee usiku hutangulia mchana wake, kwa hiyo anaweza kuwa anamaanisha jioni ambayo kompyuta inaiita Alhamisi. Na kipindi cha saa 7 usiku baada ya muziki wa Jumamosi, kwenye programu kimeshaingia Jumapili. Andikeni kwenye fomu ya mteja siku, tarehe na saa kwa mtindo wa 24, kisha mteja asaini.

Kwenye Windows chagueni majira ya Nairobi, kwenye Linux Africa/Dar_es_Salaam. Saa ya kompyuta ijirekebishe yenyewe kupitia intaneti angalau mara moja kwa siku. Kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hupoteza saa kila umeme ukikatika, kisha hurusha ratiba ya mwaka mwingine kabisa. Betri hiyo ni ya bei ndogo, ibadilisheni leo.

Tununue kompyuta ya namna gani?

Ya mezani ya mtumba, Core i5, RAM ya GB 8, SSD ya GB 240 kwa ajili ya Windows na programu, na diski nyingine ya TB 1 kwa nyimbo na rekodi. Inatosha na kubaki. Wimbo wa dakika nne wa MP3 wa kbps 320 unachukua kama MB 10, kwa hiyo nyimbo elfu tano hazifiki GB 50. Msinunue uwezo msiouhitaji.

Mkinunua, kumbukeni kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta ya hewani inayotumia Windows 10 isitumike kwa jambo lingine lolote: barua pepe hapana, filamu hapana, flashi ya msanii aliyeleta wimbo wake mpya hapana. Flashi ipitie kwanza kompyuta ya uzalishaji, ile ya kutengenezea vipindi, ikaguliwe, ndipo wimbo uhamishwe.

Pesa iliyobaki iwekeni kwenye kadi ya sauti. Mnahitaji njia mbili za sauti zilizotengana: moja inakwenda hewani, ya pili inakwenda kwenye hedifoni ili mtangazaji asikilize wimbo kabla ya kuurusha. Kadi mbili ndogo za USB kama Behringer UCA222, moja kwa kila njia, zinafanya kazi hiyo bila gharama kubwa. Kisha kwenye Windows zima sauti zote za mfumo, na hakikisha kivinjari na WhatsApp vinatoka kwenye kadi nyingine. Ule mlio wa ujumbe kuingia katikati ya taarifa ya habari mmeshausikia.

Panga pia saa ambazo Windows haitajizima na kujiwasha kwa ajili ya masasisho. Na vumbi: kiangazi cha Dodoma hujaza feni ya kompyuta kwa miezi miwili tu. Ifungueni, ipulizeni.

Umeme ukikatika inakuwaje?

Jibu lina sehemu mbili, na watu huifikiria ya kwanza tu.

Ya kwanza ni kubaki hewani. Kompyuta ya mezani na skrini hula kama wati 100, miksa ndogo kama 30. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina Wh 1,200, lakini ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600, na invata inakula sehemu yake. Utapata kama saa tatu na nusu hadi nne. Ukitumia kompyuta mpakato inayokula wati 40, mzigo wote unakuwa wati 70 na betri ile ile inakupeleka saa saba. Ndiyo maana kwa vituo vya vijijini mimi hupendekeza mpakato nzuri ya mtumba, ingawa mafundi wenzangu hawakubaliani nami. Transmita ni hesabu nyingine: ya wati 300 inaweza kuvuta 500 au zaidi kutoka ukutani, na hiyo inadai jenereta au sola yake.

Ya pili ni kurudi hewani. Umeme ukirudi saa 10 alfajiri na hakuna mtu, je, redio itajiwasha? Ingia kwenye mipangilio ya ndani ya kompyuta, ile inayofunguka kabla Windows haijawaka, uiamuru ijiwashe umeme unaporudi. Fanya Windows iingie bila kuuliza nenosiri. Weka programu ya hewani ianze yenyewe, na ndani yake weka ianze kupiga bila kusubiri kubofywa. Kisha chomoa waya ukutani, urudishe, ukae kando na saa mkononi. Redio nyingi hushindwa kwenye hatua ya mwisho: programu imefunguka, orodha imejaa, na inasubiri mtu abonyeze kitufe.

Hata kama mna jenereta, UPS ndogo ya kompyuta si anasa. Hifadhidata inayokatiwa umeme katikati ya kuandika huharibika.

Intaneti ni lazima?

Hapana. RadioDJ, PlayIt Live, ZaraRadio na Rivendell hukaa kwenye kompyuta yenu na zitapiga hata bando likiisha. Kuna huduma zinazoendesha kila kitu kutoka seva za mbali kwa ada ya mwezi. Kwa redio ya mtandaoni zinafaa, lakini kwa redio yenye mnara mnakuwa mmeikabidhi sauti yenu kwa bando.

Intaneti kidogo ina kazi yake: saa sahihi, fundi kuingia kwa mbali kwa AnyDesk, na mwandishi aliyeko Chemba au Bahi kutuma ripoti. Mwambieni mwandishi atume sauti kwenye WhatsApp kama hati, asirekodi ndani ya WhatsApp yenyewe. Ikitumwa kama hati inafika ilivyo.

Wateja wa matangazo wanataka ushahidi. Programu itatusaidia?

Hapa ndipo programu ya bure inapowaingizia pesa. Mwenye duka Majengo amelipia mara nne kwa siku kwa siku thelathini, yaani mara 120. Mwisho wa mwezi anauliza, "Mlipiga kweli? Mimi nilikuwa dukani sikusikia." Kama mtangazaji alikuwa anabofya kwa mkono, mna neno lake tu. Kama programu ndiyo iliyorusha, mnatoa karatasi yenye mistari 120, kila mmoja na tarehe na saa. Nimeona mteja akiisoma karatasi ile mstari kwa mstari, akaikunja, akalipia miezi mitatu.

Kwa hiyo mnapojaribu programu, msianzie kwenye muziki. Anzieni hapa: weka tangazo moja, lipe tarehe ya kuanza na ya kuisha, liache lipigwe siku tatu, kisha jaribu kutoa ripoti. Angalia kama linakoma lenyewe siku ikifika. Tangazo la ofa ya Idi linalosikika wiki mbili baada ya Idi linamvunjia mteja heshima, nanyi pia. Angalia kama unaweza kuzuia maduka mawili ya bati yasifuatane kwenye mapumziko yale yale. Na lipe kila faili jina linaloeleweka: mteja, toleo, tarehe. Faili linaloitwa "tangazo jipya la mwisho 2" litampoteza kila mtu.

TCRA na COSOTA wanahusikaje na programu?

Leseni ya maudhui kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ina masharti ya kutunza rekodi ya mlichorusha. Someni leseni yenu muone ni siku ngapi, kisha mpige hesabu ya diski. Kurekodi saa 24 kwa MP3 ya kbps 64, sauti moja, ni kama GB 0.7 kwa siku. Siku 90 ni GB 62 au 63. Diski ya kawaida inameza hiyo bila taabu, kwa hiyo hakuna udhuru. Rekodini kutoka redio ndogo iliyofunguliwa kwenye masafa yenu, msirekodi kutoka kwenye miksa. Ikifika siku ya malalamiko mnataka kilichosikika hewani hasa. Na ifanyike kwenye kompyuta nyingine, si ile inayorusha.

COSOTA, taasisi ya hakimiliki, ilianzishwa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Redio inayopiga muziki inahitaji kibali, na orodha ya nyimbo zilizopigwa ndiyo inayosaidia mrabaha umfikie aliyeimba. Programu inatoa orodha hiyo yenyewe, mradi majina ya waimbaji yameandikwa sawasawa.

Mbona mwimbaji mmoja anarudiwa wakati tumeweka sheria asirudiwe?

Kwa sababu kompyuta inamwona kama watu watatu. Angalieni maktaba: "Diamond", "Diamond Platnumz", "Diamond Platinumz". Kwenye kwaya ni mbaya zaidi, kwaya moja ina majina matano kulingana na aliyeingiza wimbo. Teueni mtu mmoja tu wa kuingiza nyimbo, na tahajia moja. Kazi hii inachosha na inachukua wiki, ila bila hiyo hakuna programu duniani itakayowafaa.

Tazameni na hesabu pia. Nyimbo 12 kwa saa ni nyimbo 288 kwa siku. Mkiwa na nyimbo 300 tu, kila wimbo utasikika karibu kila siku, hata sheria ziwe kali vipi.

Nyimbo zinakatwa mwanzo, na sauti inapanda na kushuka.

Programu hutafuta yenyewe wimbo unapoanzia na unapoishia kwa kupima ukimya. Kwa Bongo Fleva na singeli, ambazo hugonga kwa nguvu tangu sekunde ya kwanza, inapatia. Kwa muziki wetu wa Kigogo inakosea vibaya. Ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, huanza taratibu, zeze hutangulia peke yake kwa sauti ya chini, na programu hudhani huo ni ukimya ikaukata. Nilisikia rekodi ya Hukwe Zawose, mzee wetu aliyefariki mwaka 2003, ikiingia hewani katikati ya sauti yake, ule mlango wa ala wote umeondolewa. Iliniuma. Kwa kundi hilo la nyimbo shusheni kipimo cha ukimya au wekeni alama za mwanzo na mwisho kwa mkono. Muheme uliorekodiwa uwanjani nao usiupunguze mwishoni kwa pupa, vigelegele ni sehemu ya ngoma.

Kuhusu sauti kupanda na kushuka, tumieni MP3Gain kwenye folda nzima, au kipengele cha kusawazisha ndani ya programu. MP3Gain haiharibu wimbo.

Adhana, Bunge na kujiunga na redio za nje tunapangaje?

Kujiunga na BBC au DW ni rahisi kwa sababu saa haibadiliki: tukio linafungua njia ya sauti ya mpokeaji, likiisha linarudi kwenye orodha. Muhimu ni kuwepo na kigundua kimya, ili mawimbi yakipotea programu ipige muziki baada ya sekunde ishirini au thelathini.

Adhana husogea. Adhuhuri ya hapa Dodoma hucheza kwa karibu nusu saa ndani ya mwaka, kati ya saa 6:20 na saa 6:50 mchana hivi, kwa hiyo tukio moja la kudumu litakuwa na makosa karibu kila siku. Chukueni kalenda ya msikiti, ingizeni mwezi mzima kwa mara moja. Ni kazi ya nusu saa kwa mwezi.

Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, ndilo linalovuruga ratiba kuliko yote. Kikao kinaanza saa 3 asubuhi na hakuna anayejua mjadala utaishia wapi. Hapo msiiachie programu. Mtu awepo, aweke kwenye hali ya mkono, na matangazo yaliyolipiwa yahamishwe siku hiyo hiyo kwa kumweleza mteja.

Watangazaji wanaogopa kupoteza kazi.

Wana haki ya kuogopa kama viongozi wanaiona programu kama njia ya kupunguza watu. Mimi huwaambia viongozi: usiku mpeni kompyuta, ila saa mliyookoa mpelekeni mtangazaji mtaani. Msikilizaji wa Mvumi au Kibaigwa anaweza kupata muziki kwenye simu yake. Hawezi kupata kwenye simu bei ya alizeti ya leo mnadani, wala kusikia kisima kipi kimeharibika. Kituo kilichoweka programu kikamwacha mtangazaji wa usiku aende kukusanya habari za asubuhi hupendwa. Kilichomwondoa, baada ya mwaka kinasikika kama folda.

Tunahamaje bila redio kuzimika?

Taratibu. Wekeni programu mpya kwenye kompyuta ya pili, iunganishwe na spika za kawaida ofisini, ipige usiku na mchana kwa wiki mbili huku watu wakiisikiliza wakifanya kazi nyingine. Makosa yote ya saa, ya majina na ya sauti yatajitokeza humo. Kila jioni nakili hifadhidata pamoja na nyimbo. Nyimbo bila hifadhidata ni mafaili matupu, alama na ratiba zote zinakuwa zimepotea. Nakala ikae kwenye diski ya nje, na diski hiyo ilale nyumbani kwa mtu, isilale studio.

Usiku wa kuhama chagueni Jumapili baada ya saa 4. Mtu mmoja abaki hadi alfajiri. Kompyuta ya zamani iachwe imewaka, orodha yake imejaa, waya wake bado umechomekwa kwenye miksa, kitelezi chake kimeshushwa tu.